Kibao Nyuma ya Mkrismasi

Taya la chini liliruka kutoka kwenye boksi, likadunda mara moja kwenye lami na kubingirika hadi kwenye gurudumu la skuta ya jirani.

"Dada," jirani akasema, akiinama kuliokota, "umedondosha meno."

Mraba wa kusubiria ulikuwa umefurika. Mwenye skuta katika jiji la Kaohsiung, Taiwan, ambako magari hupita kulia, hakati kushoto moja kwa moja kama gari. Huvuka kwanza, hujibana na wenzake ndani ya mistari myeupe, kisha hungoja taa ya upande wa pili imruhusu. Tseng Lan-yi aliuchukia mraba ule kuliko kitu chochote jijini. Alikuwa amevaa shati la njano la mikono mirefu kwa ajili ya jua, barakoa ya maua, helmeti ya rangi ya waridi, na mguu wake mmoja ulikuwa haukomi kutikisika. Kazi yake ilikuwa kupeleka meno bandia kutoka maabara ya Bosi Yeh kwenda kwenye kliniki za mji mzima, na wagonjwa wote, kwa jinsi madaktari walivyopiga simu, walikuwa kwenye kiti tayari, midomo wazi.

Alimtazama huyo jirani. Kijana mweusi kwa jua, mabega mapana, jani limenasa kwenye helmeti, na ubavuni mwa skuta yake amefunga msumeno wa mpini mrefu. Akataka kusema asante. Taa ikawa kijani, honi zikalipuka nyuma, na Lan-yi akaondoka kama kafukuzwa.

Simu ya maabara ilimfikia akiwa mbali. Bosi Yeh alikuwa anacheka. "Kuna mwanamume amepiga, kasoma namba yetu kwenye mfuko ulioanguka na meno. Anasema ana taya lako. Mpigie."

Lan-yi akapiga. "Haloo? Wewe ndiye mwenye meno?"

"Mimi nina yangu. Haya ni yako."

"Kaka, usinitanie, mgonjwa anangoja! Uko wapi?"

"Pale pale uliponiacha. Taa imebadilika sijui mara ngapi. Nimetukanwa na mji mzima, hata bibi mwenye mabunda ya vitunguu kanitukana."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Nilijua utarudi. Mtu hawezi kwenda mbali bila taya."

Lan-yi akacheka peke yake barabarani, ndani ya barakoa, hadi machozi yakamtoka.

Jina la kijana huyo lilikuwa Hung Wen-tai, lakini kila mtu alimwita A-Tai. Alikuwa mkata matawi wa kampuni iliyopewa zabuni ya miti ya jiji. Hakuna mapenzi yaliyoanza vibaya yakaenda vizuri kama yale. Jioni walikaa kwenye viti vya plastiki wakinywa maziwa ya papai, yeye akinywa taratibu, Lan-yi akiwa amemaliza na kuanza kunyonya barafu. A-Tai aliendesha skuta kwa mwendo wa kupeleka mayai. Wazee wenye baiskeli walimpita na kumsalimia.

"Kipenzi, hivi injini yako ina ugonjwa gani?" Lan-yi alikuwa akimchokoza.

"Haina ugonjwa. Inakupenda, inataka ufike salama." Kisha uso wake ukawa mzito. "Wewe lakini, nakuapia. Siku wakikunyang'anya namba ya skuta, naenda hekaluni kuchoma udi wa shukrani. Vijiti vitatu, vile vinene."

Lan-yi alimfinya paja, wakacheka. Hakuna aliyejua kwamba neno lile lingekuja kuwauma wote wawili.

Notisi ya faini ilimfikia Lan-yi mwanzoni mwa kiangazi, pamoja na picha: skuta yake kwa nyuma, shati la njano limejaa upepo, barabara ya mferejini. Kilomita tisini na moja kwa saa, mahali pa hamsini. Ingekuwa tisini angelipa faini, angenung'unika na yangeisha. Hiyo moja ya juu ndiyo iliyomponza. Ukipita kikomo kwa zaidi ya arobaini, faini inakuwa ya kuumiza, unakwenda kukalishwa darasani kama mtoto, na namba ya skuta inachukuliwa nusu mwaka. Na mpeleka meno asiye na skuta, Bosi Yeh atamfanyia nini?

Alimpigia A-Tai analia. "Kibao cha onyo la kamera hata sikukiona! Kiko nyuma ya mkrismasi, majani matupu!"

"Mkrismasi upi?"

"Ule wa kabla ya daraja dogo. A-Tai, nimekwisha."

"Tulia. Usilie. Huo mti niachie mimi."

Lan-yi hakusikia vizuri maneno ya mwisho, au aliyasikia akayachukua kuwa ni ya kumbembeleza tu. Asubuhi yake Bosi Yeh alisoma ile notisi, miwani puani. Faini alizijua, maana mumewe alikuwa amegombana nazo maisha yake yote.

"Kibao kilifunikwa? Basi nenda mahakamani, mwanangu. Onyo lisiloonekana si onyo. Lakini kapige picha leo hii, kabla mtu hajaugusa huo mti."

Lan-yi aliondoka hata bila kufunga boksi. Alipofika alisimama, akavua miwani ya jua, akatazama tena. Kibao kiling'aa toka mbali, kimechorwa kamera, kizuri kama kipya. Matawi yaliyokuwa yamekifunika hayakuwepo. Mikato ilikuwa mibichi bado, imelazwa mshazari ili mvua isiozeshe mti, mikato ya mtu anayeipenda kazi yake. Lan-yi aliijua mikato ile. Alishawahi kuisifia.

Akapiga simu papo hapo.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

A-Tai akacheka, cheko la mtu aliyebambwa akitenda wema. "Umeshaona? Nilitaka ukutane nacho mwenyewe!"

"Ni wewe?"

"Nani mwingine? Jua halijatoka niko juu ya ngazi. Sasa kinaonekana hata kwa mwenye mbio kama..."

"Udi umeshanunua?"

"Udi gani?"

"Vijiti vitatu. Vinene. Si uliapa?"

"Lan-yi, ngoja, ngoja kwanza..."

"Mimi na kungoja wapi na wapi? Ulitaka nisimame, nimesimama. Furahi!"

Akakata simu na kuizuia namba yake asimpate tena. Angengoja kidogo tu angesikia mengi, lakini ndivyo alivyoumbwa huyu binti, na mwenzake naye ulimi wake ni mzito kama miguu yake. Aliyekuwa na maneno ya kumwokoa alibaki ameshika simu iliyokufa, chini ya mti mwingine kabisa.

Siku zilizofuata Lan-yi hakukaa. Alipeleka kesi yake mahakamani, na kwa kuwa kesi ilikuwa haijaisha, namba yake haikuchukuliwa bado. Kila asubuhi aliishika kwa kiganja kuhakikisha ipo. Alikimbia kidogo, akajishika, akakimbia tena. Aliota kamera. Alikula uji wa samaki amesimama, ufunguo mkononi, na kila skuta ya polepole iliyokuwa mbele yake ilimchoma moyo, kwa sababu alikuwa bado anampenda na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na baridi ya kiyoyozi ilipenya mifupa. Lan-yi alivaa shati jeupe alilopiga pasi mara mbili. Jaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Bwana wa ofisi ya faini aliweka mezani picha ya kibao, safi, kinasomeka.

"Sikatai, Mheshimiwa," Lan-yi akasema. "Nilikimbia. Ila siku ile kibao hakikuonekana. Mti ulikifunika."

"Una picha ya siku ile?"

"Sina. Nilipokwenda kupiga, mti ulikuwa umeshakatwa."

"Na nani?"

Lan-yi alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, jepesi. Angelitaja, mahakama ingemwita mwenye jina, naye si mtu wa kudanganya, kesi ingegeuka. Lakini mti ni wa jiji. Mkataji anayekata bila amri ya kazi, kwa ngazi na gari la kampuni, hafiki jioni ana kazi. Mguu wake ulitikisika chini ya meza, kisha ukatulia.

"Siwezi kusema, Mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba bila hilo huna kitu?"

"Naelewa."

"Ni mimi," sauti ikasema kutoka kwenye benchi la nyuma.

A-Tai alikuwa amesimama, mikono imemtoka jasho katikati ya baridi ile, vumbi la mbao kwenye nyusi. Bosi Yeh ndiye aliyemtajia siku. Alisogea mbele na simu yake, akaomba radhi mara tatu kabla ya kusema lolote la maana. Ilikuwa picha. Wakata matawi hawagusi mti kabla ya kuupiga picha, mbele yake wakiwa wameweka ubao mdogo wenye mahali na tarehe. Mkono umezoea hivyo. Hata siku aliyokwenda kukata bila amri, A-Tai aliweka ubao wake na kupiga. Mkrismasi ulionekana mzima, majani hadi chini, na ukingo wa kibao ukichungulia, mdogo kama kucha.

Jaji akaikuza picha kwa vidole. "Kwenye ubao hukuandika sababu ya kazi. Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Unajua yatakayokupata ukisema hivyo hapa?"

"Najua."

"Basi sababu ilikuwa nini?"

A-Tai akatazama viatu vyake. "Mtu wangu hupita hapo kila siku. Nilitaka akione kibao. Apunguze mwendo, arudi nyumbani."

Bwana wa ofisi ya faini alipanga upya makaratasi yake ingawa yalikuwa yamepangika. Lan-yi alilia pale pale mbele ya sheria, bila leso.

Kwenye ukumbi wa nje alimpiga kifuani kwa ngumi ndogo. "Kwa nini hukuniletea picha mapema?"

"Ulinizuia."

"Miguu je?"

"Niliogopa," A-Tai akasema. "Nilijua picha hii inanitoa kazini. Kila siku nilisema kesho. Wewe ulijua jina langu, ukanyamaza. Kwa nini?"

"Usiniulize maswali magumu," Lan-yi akasema, akamfuta vumbi kwenye nyusi.

Hukumu ilikuja baadaye: adhabu yote imefutwa. Kampuni ikamwachisha A-Tai kazi, na jiji likamtoza faini ya matawi iliyozidi hata ile ya Lan-yi. Msumeno wake mrefu ukabaki umeegemea ukuta.

Mwaka uliofuata mikrismasi ilichanua maua mekundu mji mzima. Asubuhi moja walikuwa kwenye mraba ule ule, Lan-yi mbele, A-Tai nyuma amekumbatia boksi la taya, anakwenda kuomba kibarua kwenye kampuni nyingine ya miti. Taa ikawa kijani. Skuta zikamwagika kushoto na kulia.

"Lan-yi, kijani."

"Naona."

"Wanatupigia honi."

"Wapige. A-Tai, nioe."

Mtu akawatukana wakati akipita.

"Sina kazi," A-Tai akasema hatimaye.

"Sikukuuliza kazi. Ukizeeka, meno yakiisha, mapya nitakuletea mimi mwenyewe."

"Kwa mbio zako? Utayadondosha njiani."

"Nitakuja polepole."

Taa ikarudi kuwa nyekundu, nao walikuwa wawili tu ndani ya mistari myeupe. A-Tai akaegemeza helmeti yake mgongoni mwa shati la njano, akasema ndiyo, wakaingoja kijani nyingine.