Nzi Aliyepumua Kwenye Glasi

Siku ile karakanani tulikuwa watu wanne. Mimi. Mwanangu, ambaye alikuwa bado ananyonya, na tulimwita Kifaranga kwa sababu ya nywele zake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyekaa naye meza moja. Na Bwana Mto, mlinzi wa mto, aliyekuwa ameingia kuomba chai. Nikimhesabu yule mteja aliyekuja jioni tunakuwa watano. Wifi hamhesabu. Anasema yule hakuwa mtu.

Kazi yetu ilikuwa kufunga nzi, chambo cha bandia cha kuvulia samaki. Si hawa wa jikoni. Unachukua ndoana ndogo kama ukucha wa mtoto, unaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, unaivisha uzi wa hariri, unasokotea manyoya ya sungura yawe tumbo, kisha shingoni unazungusha unyoya mmoja laini wa kwale. Trauti, samaki wa maji baridi, akimwona anadhani ni mdudu. Nzi wetu hawakuelea. Walizama. Na uzuri wao ulikuwa huko chini: wakilowa, ule unyoya hufunguka na kujikunja, hufunguka na kujikunja, utadhani wanapumua.

Ndiyo maana kila nzi wa aina mpya tulimnywesha kwanza. Unamtundika kwenye uzi, unamchovya kwenye glasi ya maji, unamvuta taratibu huku unamtazama. Asiyepumua anafumuliwa.

Jua lilikuwa linazama na tulikuwa tunafagia.

"Bwana Mto," Wifi alisema, "wewe unalinda mto au unalinda birika letu?"

"Mto haukimbii, shemeji. Chai ndiyo inapoa."

Tulikuwa bado tunacheka mlango ulipofunguka.

Aliingia mwanamume mrefu mwenye koti refu na buti za mpira za kufika mapajani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliurudisha mlango polepole, kwa mikono miwili, ili upepo usimpige mtoto kwenye kikapu. Wateja wengi huuacha wazi. Cha pili ilikuwa harufu. Harufu ya jiwe lililogeuzwa chini ya maji.

"Nataka nzi mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kuzama."

"Tumeshafunga, kaka," Wifi alisema. "Njoo kesho."

"Kesho siwezi."

Nilitazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe na imejikunja, kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo za watu. Nikamwonea huruma.

"Kaa, kaka. Nzi mmoja hachukui muda."

Wifi alinikata jicho. Manyoya ya sungura tulikuwa tumeyafungia stoo, na ufunguo alishaondoka nao msimamizi. Nikamwambia mteja hivyo. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya mtoto. Aliinama juu ya kikapu. Mguu wa Kifaranga ulikuwa nje, naye akauvutia blanketi, taratibu, bila kuugusa.

"Nilikuwa na wa kama huyu," alinong'ona. "Sina hata unywele wake."

Kisha akanigeukia.

"Hizo ulizo nazo mfukoni... zinatosha."

Asubuhi nilikuwa nimempunguza Kifaranga nywele za juu ya masikio. Sikuwa na moyo wa kuzitupa, nikazifunga kwenye leso na kuitia mfukoni. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilijitafutia sababu, labda leso ilikuwa inachungulia. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Nilitoa ndoana kwenye pakiti mpya. Nikasokota zile nywele kwenye uzi uliopakwa nta, nikazungusha tumbo, nikaweka unyoya wa kwale, nikafunga fundo. Wifi alikuwa ameacha kufagia. Hata Bwana Mto alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

Nikamtundika nzi kwenye uzi. Nikamchovya kwenye glasi.

Akafunguka... akajikunja... akafunguka...

Nikaacha kuvuta.

Akaendelea.

Kikapuni, Kifaranga alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha majimaji. Mgeni akaingiza vidole viwili kwenye glasi, akamtoa nzi. Kikohozi kikakata.

"Ahsante, mama mtoto," alisema. Akatoka. Akaurudisha mlango polepole kama mwanzo.

Kiti alichokalia kilikuwa kinachuruzika.

"Bwana Mto," Wifi alinong'ona, "huyo unamfahamu?"

"Njia pekee ya kuja hapa ni daraja." Alizungumza akitazama mlango. "Na lango la daraja nimelifunga mimi nilipotoka. Hakuna aliyevuka."

Kabla sijauliza kitu, Kifaranga akaacha kupumua.

Hakulia. Alifungua mdomo, macho yakamtoka, na maji yakamtoka puani. Maji safi, ya baridi. Nilimnyakua, nikampiga mgongoni. Hakuna kitu. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya jivu... kisha akavuta pumzi moja ndefu, na nyingine. Nikasema ahsante Mungu. Sikumaliza kusema. Mdomo ulifunguka tena na maji yakaja tena.

Nilimshikilia nikihisi ule mwendo. Pumzi mbili. Kimya kirefu. Pumzi mbili. Kimya kirefu. Ninaujua mwendo huo, nimeutazama dirishani miaka yote ya kazi. Mvuvi anamrusha nzi hewani. Nzi anazama. Mkondo unamchukua, unamzungusha. Mvuvi anamtoa, anamrusha tena.

Hewani, mwanangu anapumua.

"Wifi," Wifi alisema polepole, "uliweka nini kwenye ile ndoana?"

Aliiona ile leso mezani, ina nywele mbili tatu za Kifaranga. Alinyoosha mikono, nikampa mtoto.

"Mlaze kifudifudi. Usimwache."

"Nenda," Wifi alisema.

Nilikimbia. Mto ulipita nyuma ya karakana, chini ya mteremko wa mawe. Bwana Mto alinifuata na tochi, nikisikia pumzi yake nyuma yangu.

Alikuwa katikati ya kidimbwi kikubwa, pale tulipokatazwa hata kuoshea miguu. Maji yalimfika kiunoni.

"Pale hapana chini," Bwana Mto alinong'ona. "Nilishapima kwa kamba. Pale mtu hasimami."

Yule alisimama. Mkondo haukumzunguka. Ulipita tu, kama vile hakuwepo. Aliinua fimbo ya kuvulia, na uzi ukapita juu yetu ukilia kwa sauti nyembamba.

Nzi akaingia majini.

Nyuma yetu, juu kwenye dirisha la karakana, nikamsikia Wifi akiita, "Pumua, mwanangu. Pumua."

Sikumtazama yule mtu. Nilijua nikimtazama nitaganda. Nilitafuta uzi. Nzi wa kuzama haendi anakotaka, mkondo humzungusha mpaka ukingoni, na ukingo wa mto ule niliujua. Nikaingia hadi mapajani. Baridi ilinikata pumzi. Nikafagia maji kwa mkono, mara hapa, mara pale...

Nikaugusa.

Ulinivuta. Si kama mwanamume anavyovuta. Ulivuta kama mtoto mchanga anapokushika kidole.

Nikaufuata kwa mkono, shubiri kwa shubiri, mpaka ndoana ikaingia kiganjani mwangu. Nilifurahi ilipouma. Nikapeleka uzi mdomoni nikaukata kwa meno.

"Niachie."

Alikuwa kule katikati, lakini sauti ilikuwa sikioni kwangu, na ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Niachie angalau huyu..."

Hata leo sauti ile inaniuma.

"Siwezi, kaka," nilisema. "Huyu ni wangu."

Tochi ya Bwana Mto ikazimika. Aliipiga kwenye paja, ikawaka. Kidimbwi kilikuwa kitupu, na maji yake yalikuwa laini kama kioo.

Nikiwa kwenye mteremko nilisikia Kifaranga akilia. Nililia naye njia nzima.

Wifi alikuwa amekaa sakafuni. Blanketi la mtoto lilikuwa limelowa kiasi cha kukamuliwa, naye alikuwa amevua blauzi na sweta yake akamviringisha nazo, akabaki na shimizi akitetemeka. "Ana njaa tu," aliniambia. "Mpe."

Nilimnyonyesha. Alipolala, Wifi akanitoa ndoana kiganjani kwa koleo, na nikaibana kwenye jiliwa. Niliogopa kumkata nzi kwa wembe. Nikaanza kumfumua nzi, mzunguko kwa mzunguko.

Unyoya ukatoka. Nywele za mwanangu zikatoka, kavu kabisa. Chini yake palitakiwa kuwa na chuma kitupu.

Palikuwa na nywele nyingine.

Nyeusi, zilizonyooka. Nikafumua. Chini yake, za kahawia zenye mawimbi. Nikafumua. Nyingine tena, nyembamba kama utando. Vifundo vidogo vidogo, kila kimoja laini, kila kimoja cha kichwa tofauti. Na ndoana ile niliitoa mwenyewe kwenye pakiti mpya.

"Wifi, acha," Wifi alinong'ona.

Lakini Bwana Mto alikuwa amesogea. Alinyoosha kidole kwenye kifundo kimoja chenye wekundu kidogo. Hakukigusa.

"Hizo," alisema. "Naomba hizo."

Tulimfahamu miaka mingi kama mtu wa mizaha asiye na familia. Sikumuuliza. Nilizikunja kwenye karatasi safi, nikampa kwa mikono miwili. Aliziweka ndani ya kofia yake, akaivaa, akatoka bila kuchukua tochi.

Zilizobaki Wifi alizipanguza mojamoja, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda kiti akaziweka juu ya kabati.

"Hapa ni pakavu," alisema, kama anayezungumza na watoto wengi.

Mwezi uliofuata nilihamia kwa mama yangu. Maji tunachota kisimani. Kisima kina mfuniko wa chuma, na jioni naufunga mimi.