Kibao Mlangoni mwa Mahadhi

Kila alfajiri, mtaani Shela mjini Malindi, Zuleikha alimsaidia mama yake kukaanga mahamri, kisha akaoga na kuvaa sare ya shule. Lakini hakutoka nyumbani kabla hajasoma kibao. Kilikuwa kipande cha ubao mweusi kilichotundikwa mlangoni mwa chumba cha kaka yake, Mahadhi, aliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu Nairobi.

Kila siku Mahadhi aliandika hapo habari zake, mchezo alioutoa chuoni.

"Kule kuna kompyuta moja kubwa, twaitumia watu wengi, kila mmoja na kioo chake," alimweleza. "Kila mtu hujiandikia maneno mawili matatu: yuko wapi, ana hali gani. Mwenzako akitaka habari zako, huiuliza kompyuta, nayo humwonyesha ulichoandika. Anayechekesha zaidi ndiye anayesomwa zaidi."

Basi kibao kilichekesha. Siku moja kilisema: "Nimekonda kwa chakula cha chuo. Asiyeamini aulize mshipi wangu." Siku nyingine: "Nimo ndani lakini sipo. Rudini wali ukiiva." Zuleikha alicheka mpaka akachelewa gwaride.

Kisha Jumatatu moja alikuta: "Kila alasiri niko kwa mpenzi wangu. Ana jicho la kijani, na hasemi mpaka aguswe."

Zuleikha hakucheka. Nani hapa Malindi ana jicho la kijani kama si mzungu? Na wazungu wanakaa wapi kama si katika hoteli za ufukweni? Mahadhi alikuwa amemposa Mwanasiti, binti wa jirani yao Bi Zena, na arusi ilikuwa imekaribia. Mwanasiti ndiye aliyemsuka Zuleikha nywele kila Ijumaa. Zuleikha alimpenda kama dada wa tumbo moja, na wazo la kumpoteza lilimuuma.

Akaanza kumchunguza kaka yake. Mbona shati limepigwa pasi hivyo? Mbona anapita uchochoroni, hapiti barazani kwa wazee wenye maswali? Alasiri moja alimfuata kwa mbali, akamwona akiingia hotelini kwa mlango wa nyuma. Mlango ukafungwa. Aliporudi magharibi, Mahadhi alimshika shavu kwa utani, na mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungini. Katika joto lile la Malindi, mtu anapata wapi mkono wa baridi?

Zuleikha hakumuuliza. Shaka ikishakaa moyoni haitaki jibu, inataka ushahidi tu.

Ijumaa ilipofika, alikaa kwenye jamvi mbele ya Mwanasiti. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa.

"Mbona leo umenuna, wifi yangu?"

Zuleikha akayamwaga yote: kibao, jicho la kijani, hoteli. Na kwa kuwa Mwanasiti alimtazama kama asiyeamini, akaongeza, "Wallahi nimewaona! Mzungu, ameshikana naye mkono."

Pazia likafunguka ghafla. Bi Zena alikuwa amesikia kila neno.

"Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja. Inuka, mtoto, nenda kwenu."

Zuleikha alitoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akakifunika kwa mtandio.

Asubuhi yake sinia ya posa ilirudishwa. Pete imo, kanga zimo, udi haujafunguliwa. Mama aliitazama, akakaa kitako sakafuni. Mahadhi alipoambiwa sababu, uso ulimwiva.

"Mama, vaa buibui lako," alisema. "Tumpitie na Bi Zena. Zuleikha, na wewe. Twendeni mkamwone huyo mpenzi."

Walipita mlango ule ule wa nyuma. Ndani kulikuwa na chumba kidogo chenye baridi kali, na kijana mmoja akasimama haraka. Ndiye Ndirangu, mhasibu wa hoteli.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba mfunge mlango. Chombo hiki hakipendi joto."

Juu ya meza palikuwa na kompyuta. Kioo chake kilikuwa cheusi, kimenyamaza. Mahadhi akagusa kidude kimoja, na maandishi ya kijani yakajaa kiooni.

"Huyu ndiye?" Bi Zena akauliza.

"Ndiye, Bi Zena. Hana mwingine."

"Bwana Mahadhi ananifundisha kuitumia," alisema Ndirangu. "Kabla yake nilikuwa naiogopa."

Bi Zena akashika kinywa kuzuia kicheko. Lakini mama hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulisema hutaki nitie mguu hotelini, mama."

"Kwa hiyo ukajificha nyuma ya mzaha. Wenzako wa chuoni wanaujua mchezo wenu. Sisi tungeujulia wapi? Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Mahadhi akainamisha kichwa. Bi Zena naye akamgeukia Zuleikha.

"Na wewe ulisema umewaona. Uliona nini?"

Zuleikha angeweza kusema palikuwa mbali, au jua lilimpiga machoni. Machozi yakamlenga.

"Niliona mlango."

"Mlango tu?"

"Mlango tu, Bi Zena. Mengine niliyatia mwenyewe."

"Basi sinia nitakuja kwenu kuichukua," Bi Zena alimwambia mama, "maana neno nililipokea mbio bila kuuliza. Lakini mwanangu amelia usiku kucha. Aliyemliza aende akamwambie mwenyewe."

Zuleikha alikwenda peke yake. Mwanasiti alikuwa jamvini, macho yamemvimba. Zuleikha alisema yote, hata ule uwongo wa mkono kushikwa, akaomba radhi. Mwanasiti akachukua kitana.

"Kaa chini," alisema. "Kichwa hiki kitanitia aibu mtaani."

Jioni Mahadhi alikifuta kibao, akampa dada yake chaki. "Leo zamu yako. Jieleze."

Zuleikha aliandika polepole: "Niliona mlango tu."

Mama alipita na kapu la unga, akasoma, akamwekea mkono begani.

"Kiache hapo," alisema. "Jicho likiona mlango, mdomo useme mlango. Na ukitaka kujua yaliyo ndani, mwanangu, piga hodi uulize."