Mstari wa Mwisho wa Ngolo

Mniite mchawi, mniite muuaji, nimeshayasikia yote, sokoni Mbinga na kanisani. Lakini jioni ile nilikuwa baba tu, nashuka kumchukua binti yangu kabla mvua haijafika.

Ilikuwa Machi, mwaka ule wa mvua za elinino. Hilda, mtoto wangu wa pekee, alikuwa ameolewa na mvuvi Mnyasa aitwaye Allen, wakajenga kwenye tambarare ya ufukweni mwa ziwa, chini kabisa ya milima yetu ya Tingi. Siku hiyo Allen alikuwa amesafiri kuuza dagaa. Hilda alikuwa peke yake. Kufika saa kumi na moja wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima, halisogei. Mke wangu Ottilia akatoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi.

"Baba Hilda, nenda kamlete mtoto. Ile nyumba ni ya udongo."

Nikachukua tochi na panga, nikashuka. Njia ya mkato inapita katikati ya shamba la marehemu mdogo wangu, Wendelin. Ningeweza kuzunguka. Sikuzunguka, maana nilikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyoniponza maisha yangu yote.

Hapa lazima niseme ukweli, hata kama unanichoma. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Mwanamume hukata majani na kuyalaza miraba miraba juu ya mteremko. Mwanamke huja nyuma yake na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo huo. Mlima mzima unajaa mashimo. Mvua ikija, kila shimo hunywa fungu lake, na maji hayashuki kwa fujo.

Wendelin alipokufa, mjane wake Gertruda aliendelea kuchimba. Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na magari yao, kila mtu anaimba kahawa, nami nikaona mashimo yale yananipotezea nafasi. Gertruda alipokwenda kwao Kitura kumuuguza mama yake, nikayafukia yote. Nikapanda miche ya kahawa kwa mistari iliyonyooka, kutoka kileleni mpaka chini.

Aliporudi hakupiga kelele.

"Shemeji," alisema, "shimo linakula mvua. Ukilifukia, mvua itakula watu."

Nilicheka. Nikampa kipande cha ardhi kule kwenye tambarare, akahamia na binti yake Violet, mtoto wa miaka tisa.

Masika yaliyofuata, tope lilishuka kutoka kwenye kahawa yangu na kumfunika Violet. Gertruda alipanda mlima kwenye mvua ile ile, akagonga mlango wangu. Alitaka wanaume wa kuchimba. Nilimjibu nikiwa kitandani: "Ngoja mvua ikatike." Akarudi, akachimba peke yake siku mbili. Mpini wa jembe ukavunjika, akaendelea kwa mikono mpaka akamfikia mtoto, amekwisha kufa, naye akafia pale pale. Siku ya nne tulimzika Gertruda karibu na mwanawe. Vidole vyake havikuwa na kucha hata moja.

Basi. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa katikati ya shamba lile lile, na ngurumo ya kwanza ikapiga.

Halafu nikasikia...

Chwap.

Kimya.

Chwap.

Jembe. Mtu alikuwa analima. Lakini nani wa huku anashika jembe radi zinapopiga? Hata mtoto mdogo anajua kwamba chuma huita radi.

Harufu ikanijia puani, harufu ya tope lililokaa muda mrefu na kitu ndani yake. Radi ikamulika. Miche yangu ya kahawa yote ilikuwa imeng'olewa na kutupwa kando. Mahali pake, kuanzia kileleni, palikuwa na mashimo. Mamia ya mashimo, mapya, yamepangika vizuri kabisa. Na mbele yangu, hatua sita hivi, mwanamke alikuwa ameinama, amenipa mgongo.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Majani nimeshakata. Hiyo kazi yako nimeifanya. Njoo ulaze."

Nilitafuta Salamu Maria kichwani, nikakuta sijui inaanzaje.

"Gertruda... wewe tulikuzika."

"Mlinizika. Laza."

"Nakwenda kwa Hilda."

Jembe likashuka. Chwap.

"Ukilaza mpaka mstari wa mwisho," alisema taratibu, "Hilda atalala pakavu."

Mvua ikamwagika. Sikuamua kitu. Miguu yenyewe ilinipeleka kwenye lile rundo la majani, nikabeba, nikaanza kulaza. Mraba mmoja. Wa pili. Majani yalikuwa baridi na mazito kama nguo zilizolowa. Yeye alinifuata nyuma, akichimba na kufukia. Kila radi ilipomulika niliiona mikono yake kwenye mpini, na vile vidole... nikayaangalia majani yangu.

Sijui tulifanya kazi muda gani. Ninachojua ni hiki: mashimo yalikuwa yanajaa maji, na maji hayakushuka. Niliona kwa macho yangu. Mvua kubwa vile, na njia chini yetu ilikuwa kavu.

Ukabaki mstari mmoja, ule wa pembeni, kutoka juu mpaka chini.

Ndipo mlima ukanguruma. Si radi. Ulikuwa mngurumo wa chini kwa chini, nikausikia kwenye nyayo. Nikamfikiria Hilda amekaa kwenye kijumba kile, anasikia kama ninavyosikia mimi. Nikajiambia, mwanamume mzima, nacheza kilimo na marehemu wakati mwanangu anakufa? Nani aliwahi kuahidiwa na maiti akapewa? Nikatupa majani. Nikakimbia.

Hakunifuata. Hakupiga hata kelele. Nilisikia tu sauti yake karibu na sikio langu, kana kwamba tunakimbia pamoja:

"Ndivyo ulivyo."

Maji yakanipita kabla sijafika nusu ya njia. Yalishuka kwenye ule mstari mmoja niliouacha, yamebeba mawe na udongo, membamba, yamenyooka, yana kasi. Nilipofika chini, nyumba ya Hilda haikuwapo. Hata msingi haukuwapo. Jirani yake, mzee Meshack, nyumba yake ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na kuku wake walikuwa wamelala bandani, hawajalowa. Tambarare nzima ilisalimika. Nyumba moja tu ndiyo iliyokwenda ziwani.

Nilipiga mayowe. Wanaume walikuja mara moja, mvua hawakuiogopa, tukachimba mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu kwa watu wale, na kila nikiwashukuru naona haya.

Kulipopambazuka, Ottilia alishuka mbio, akilia na kucheka.

"Yupo! Hilda yupo, mzima!"

Walimkuta juu, kwenye shamba la Wendelin. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, gauni lake limekauka, jembe mapajani. Tukapanda mbio na mama yake, nikamkumbatia. Alikuwa baridi, na hakuniinulia mikono.

"Mwanangu, nani amekutoa kule?"

"Mama aliniita," alisema.

"Mama yako alikuwa nyumbani, Hilda. Huyu hapa."

Akamtazama Ottilia kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni mliyekaa naye benchi moja hospitali.

Tangu siku hiyo anaishi kwenye kibanda cha zamani cha Gertruda, kile alichokiacha alipohamia tambarare, pembeni ya ngolo. Allen alikuja mara tatu kumchukua, mara ya nne hakuja tena. Padri alikuja na maji ya baraka, Hilda akamkaribisha, akapiga ishara ya msalaba vizuri, akarudi kuchimba. Majirani husema ni mshtuko, utaisha. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Mimi nimemwona mikono. Kucha zimeanza kung'oka, moja moja, na hasikii maumivu.

Mchana hana neno na mtu. Akikutana na mimi njiani hunipisha. Lakini mvua kubwa ikianza, hupanda mpaka hapa kwangu na kugonga mlango. Ottilia hunisihi nifungue, ananivuta shati, analia. "Baba Hilda, ni mwanetu, analowa!" Mwaka jana alinishinda nguvu, akakaribia kulifikia komeo, nikamsukuma mke wangu chini. Mwanamke niliyefunga naye ndoa. Bado hajanisamehe, wala sijamwomba.

Sauti iliyo nje ni ya Hilda, siwezi kuikataa. Nimeilea mimi. Ninaijua tangu ilipokuwa inaomba uji.

Wingu limekaa tena juu ya milima tangu adhuhuri, na sasa matone yanapiga bati. Ottilia amekaa kitandani, ananiangalia. Nje kuna hatua kwenye tope, zinakuja bila haraka. Zimesimama mlangoni.

"Shemeji," anasema mwanangu. "Nifungulie. Mtoto wangu bado anapumua."