Gari Alilouziwa Wifi

Ilianza na kengele ya mkanda. Jumatatu asubuhi Mama Keki aliwasha gari, akajifunga mkanda, akaondoka, na gari likaanza kulia ti, ti, ti, kama linavyolia abiria wa mbele asipojifunga. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hata mkoba wake alikuwa ameuweka nyuma.

Hakushtuka. Gari lilikuwa na miaka ishirini na mbili, na jana yake tu yeye na mumewe walikaa ndani yake nje ya gereji wakibishana. Gia boksi ilikuwa inakufa. Kuitengeneza kungekula akiba yote; kununua gari jingine kungetaka wauze hili na akiba iongezwe juu. Mumewe, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi mpaka kiwanda kilipofungwa, alitaka watengeneze.

"Tumelizoea," alisema.

Mama Keki, ambaye keki zake za harusi ndizo zilizokuwa zikiwalisha sasa, alipiga dashibodi kwa kiganja. "Hili kopo? Atakayelitaka namuuzia hata leo."

Fundi alisema waya wa kengele umechoka, akaukata. Kengele ikalia. Akauchomoa waya wote, akaushika mkononi, na kengele ikaendelea huku waya ukining'inia vidoleni mwake. Akakitazama kile kiti, kisha akamrudishia Mama Keki pesa yake.

"Mama, mimi natengeneza magari," alisema kwa sauti ya chini. "Hili si la gari."

Ikaja harufu: ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi, na chini yake ya nywele zilizoungua. Kila alipokigusa kile kiti alikuta kina joto, kama mtu katoka kuinuka sasa hivi. Jumamosi alipeleka keki ya ghorofa tatu ukumbini, boksi limefungwa kwa utepe alioufunga mwenyewe. Alipolifungua mbele ya mama wa bibi harusi, upande uliokuwa umeelekea kile kiti ulikuwa na alama za vidole, virefu, sita, vimezama kwenye sukari mpaka ndani.

"Umekuwa ukiionja njiani?" mama wa bibi harusi akauliza, na mashangazi wote wakageuka.

Akirudi, mchana kweupe, amesimama kwenye taa nyekundu katikati ya magari ya watu na honi zao, machozi ya aibu yakimtoka na kengele ikimpigia sikioni ti, ti, ti, akahisi pumzi yenye joto ikimpita shavuni, pumzi ya mtu aliyeinama karibu mno, na ile harufu ya nywele ikamjaa mdomoni mpaka akaionja, na sauti nyembamba, si ya kike wala ya kiume, ikasema polepole, kama anayeogopa wengine wasimsikie:

"Usiniuze."

Hakujua kwa nini alifanya alichofanya. Alinyoosha mkono, akavuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Na mkanda, uliokuwa umelegea, ukakaza taratibu, ukajipinda kama uliolala juu ya kifua, ukawa unapanda na kushuka.

Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Tulitupe," alisema.

"Halafu tule nini? Likifungwa mkanda linatulia."

"Na mnunuzi tutamwambia?"

Mama Keki alitoka kwenda kuangalia oveni.

Aliyelitaka alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mshonaji wa sare za shule. Miaka yote alibeba majora ya vitambaa begani. Alikuja na akiba yake kwenye bahasha, anacheka. "Wifi yangu, usinitafutie mnunuzi mwingine. Twende nilijaribu."

Mama Keki akapanda nyuma.

"Mbona huko? Njoo mbele tupige soga."

"Huku nanyoosha miguu, wifi."

"Na huu mkanda umemfunga nani?"

"Uache hivyohivyo. Ukifunguliwa kengele inasumbua."

"Haya. Halina shida nyingine?"

"Ukiacha gia boksi, halina."

Mumewe alikuwa getini. Hakuinua uso.

Kwa pesa ile pamoja na akiba yao walinunua kigari cha mizigo, kidogo, kizima. Keki zikafika salama. Wifi alipiga simu wiki ya kwanza na ya pili, kisha akanyamaza, na Mama Keki naye hakumtafuta. Mwezi wa pili ulipoisha, wifi alikuja alasiri moja kwa miguu, gauni limempwaya. Akakaa, akatoa pakiti ya vidonge kwenye mkoba.

"Wifi, sina mwingine wa kumwambia," alinong'ona. "Nasikia sauti ndani ya gari. Inasema nirudishe, nirudishe. Daktari anasema ni akili. Nakunywa hivi, mikono inatetemeka, sindano haishikiki. Binti yangu nimempeleka kwa baba yake asinione hivi. Tafadhali mdogo wangu asijue. Naona aibu."

Mumewe alikuwa mlangoni mwa chumba. Alisikia yote. Alimtazama mkewe, akangoja.

"Wifi," Mama Keki alisema. "Huna kichaa. Kitu kipo. Kilikuwepo."

Wifi aliirudisha pakiti ya vidonge mkobani.

"Ndiyo maana ulikaa nyuma," alisema.

Jumapili asubuhi wakamleta bibi mmoja, mkunga mstaafu aliyejua kusema na viumbe wa namna hiyo. Alilizunguka gari uani kwa wifi, akaweka kiganja kwenye kioo. "Nani alimuuza huyu?"

"Gari nililiuza mimi."

"Sikuuliza gari."

"Mimi, bibi."

"Basi mlango ufungue wewe. Umwambie ulichofanya, na hawa wasikie."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. Mama Keki akafungua mlango, na joto likamtokea usoni kama la oveni yake, na akasema, sauti ikikatika, kwamba alijua, alimfunga mkanda ili wifi yake asimsikie, akakaa nyuma kwa woga akamwacha ndugu wa mumewe akae ubavuni mwa kile kitu, na pesa akaichukua akaihesabu mara mbili. Na alipofungua mkanda ulikuwa mzito kama uliobeba mtoto, kisha ukawa mwepesi, na kitu kikampita kikimpapasa shavu kwa vidole vyembamba, bila hasira, na harufu ikavuka ua mpaka barabarani, na majirani wakapisha njia bila kuambiwa.

"Ameenda," bibi alisema.

Kiti kilikuwa baridi.

Waliuza kigari, wakamrudishia wifi pesa yake yote. Gari la zamani lilikwenda kwa wauza vyuma chakavu. Wifi aliacha vidonge, binti akarudi nyumbani, cherehani ikalia tena. Mama Keki sasa anapeleka keki kwa pikipiki za kukodi, amezikumbatia mapajani.

Mwaka uliofuata binti alipohitimu, wifi alikuja kuchukua keki. Alisimama mlangoni.

"Ingia ndani, wifi."

"Hapa panatosha." Alilipa bei kamili, hakuomba kupunguziwa. "Naomba risiti."

"Risiti ya nini, sisi kwa sisi?"

"Naomba tu."

Mama Keki alitafuta kitabu, akatafuta kalamu, akaandika tarehe. Mkono ukasita kwenye mstari wa jina. Kwa watu alizoea kumtaja Wifi tu, na kila mtu akajua ni nani.

"Niandike nani?"

"Andika mteja."

Akaandika.