Berthe na Mpokea Barua Wake

Watu wa Galerie d'Ixelles, lile jumba la maduka, wanasema cherehani ya Berthe ilikuwa haijui usingizi. Wanasema ilipokimbia, hata masanamu ya dirishani yaligeuza shingo kutazama mshono. Tusibishane nao. La hakika ni kwamba duka lake lilikuwa la mbele kabisa, lenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Ukitoka kituo cha metro cha Porte de Namur, huwezi kulikosa. Maharusi wengi wa Matonge, mtaa wa wahamiaji, walipimwa mabega mle ndani.

Berthe alizaliwa Bukavu. Alianza kushona ughaibuni, nyumbani kwake mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, katika nyumba ya kupanga. Alipotaka kuandikisha kazi yake, aliulizwa: anwani ya biashara ni ipi? Kila biashara lazima iwe na anwani ya kudumu. Serikali, kodi, mahakama na mwenye jengo, wote hutuma barua zao hapo. Mkataba wa nyumba yake ulikataza kuandikisha biashara humo.

Basi akamwendea Tonton Rigobert, rafiki wa marehemu baba yake, mwenye nyumba yake mwenyewe kule Jette. Tonton, kama alivyomwita mzee huyo, alisikiliza ombi lote la kutumia anwani yake. Kisha akapanda juu, akavaa koti na tai, akashuka, ndipo akajibu ndiyo. Jambo kubwa halikubaliwi na mtu aliyevaa fulana. Cherehani ililetwa, akaiwekea mkono, akaiombea. Wenyewe husema kazi isiyoguswa na mkono wa mukubwa haiendi mbali. Ya Berthe ilikwenda mbali, tena kwa mbio.

Siku za kwanza alikuwa akienda Jette kila Jumapili baada ya ibada. Salamu za Tonton zilikuwa ndefu: ukiingia na koti la baridi, utatoka watu wanakula barafu mitaani kwa joto. Kisha akalipata duka la Galerie. Akafikiri kuihamishia anwani hapo. Mumewe, Mathieu, akamkataza.

"Bon, utaenda kumunyanganya muzee heshima yake?" alisema Mathieu. "Atasema umepata duka, umemutupa."

Berthe akaona ni kweli. Akaacha anwani ilipo. Harusi zikaongezeka. Jumapili ya kila wiki ikawa Jumapili ya mwezi, mwezi ukawa simu, na simu ikawa ya Noeli peke yake.

Asubuhi moja aliingia kijana na futi mkononi. Alikuwa akipima dirisha. Berthe akadhani ni bwana harusi mwenye haraka. Akamwuliza kwa utani kama bibi harusi ni mpana kiasi hicho.

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema amekodi duka hili. Mwezi ujao anaingiza simu zake za kuuza.

Berthe alimpigia mwenye jengo. Huyo alikaa mbali, na hakumjua Berthe kwa sura, alimjua kwa anwani. Mkataba wa duka ulikuwa wa muda mfupi, wa kuongezwa kwa maandishi. Alieleza bila hasira kwamba alimwandikia Berthe kumwuliza kama anaendelea. Hakujibiwa. Akatuma ya pili, ile barua ya saini, ambayo posta humkabidhi mtu mkononi. Ikarudi haijachukuliwa. Mwenye jengo akafanya kama wafanyavyo wenye majengo. Mkataba mpya ulikuwa umekwisha kutiwa saini.

Berthe alifunga duka mchana mweupe akapanda tramu kwenda Jette.

Tonton Rigobert alimpokea kwa salamu zile zile. Berthe alisimama akizisikiliza, na moyo wake ukichemka kama sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Juu ya kabati la sebuleni, karibu na picha ya marehemu mke wa Tonton, palikuwa na sahani nzuri, ile ya wageni. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Chini ya kitambaa, barua zake. Zilipangwa vizuri, haikufunguliwa hata moja.

"Tonton," aliuliza Berthe, "juu ya nini haukunipigia?"

"Mutoto wangu, mukubwa hapigi simu juu mutoto akuje kumusalimia. Nilisema utakuja. Na barua ya muntu haifunguliwi. Donc, nilizitunza."

"Na ile ya saini?"

Mzee akatazama viatu vyake. Alisema aliikuta karatasi ya posta mlangoni, ya kumwita Berthe achukue barua. Akavaa koti na tai akaenda posta. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakamwuliza, ana procuration, yaani karatasi ya ruhusa yenye saini ya Berthe?

"Nikabaambia mimi ni papa yake. Kijana mumoja akacheka. Nikarudia nyumba. Sikukuambia juu haya ilinishika."

Berthe aliyaacha maneno yote makali aliyoyapanga kwenye tramu. Alimwona kwa mawazo mzee wa watu, tai shingoni, maji yakimtiririka, akichekwa kwa ajili ya barua isiyo yake. Alichukua barua, akashukuru, akaondoka. Hakukaa hata kunywa chai.

Juma hilo mteja mmoja, Gracieuse, alikuja kujaribu gauni lake. Gracieuse alifanya kazi katika ofisi ya mahesabu jirani na Porte de Namur. Berthe alimsimulia yote huku akimbandika pini kiunoni.

"Alors, muzee amenipotezea duka," alimalizia.

"Hapana, maman," alisema Gracieuse. "Ulimupa kazi, haukumuambia ni kazi gani. Ulimuomba anwani. Lakini biashara haitafute anwani tu. Inatafuta muntu wa kupokea. Wakala."

Akamweleza, na kwa kuwa alikuwa amezungukwa na pini hakuweza kwenda popote, akaeleza vizuri. Mpokea barua wa biashara si wa kuchaguliwa kwa umri wala kwa mapenzi. Ni mtu au ofisi inayokuwapo saa za kazi, siku zote za kazi. Anayesafiri sana hafai. Anakuwa na ruhusa yako ya maandishi, hata barua ya saini anaweza kuichukua. Mmekubaliana afungue zipi na zipi asiguse. Barua ikifika, anakuambia siku ile ile.

"Kama duka lako liko na muntu kila siku, anwani ya duka inatosha," alisema. "Kama haiko na muntu, kuna maofisi ya kazi hiyo. Lakini uliza kwanza: wameandikishwa kwa serikali? Wanapiga simu ao wanangoja upite? Wakifunga kwa conge, likizo yao, nani anapokea? Na siku utahama, usiseme kwa marafiki tu. Uende ku guichet d'entreprises, kwenye wanaandikisha biashara, wabadilishe mu registre, daftari yao."

"Kumbe muzee alitaka karatasi moja tu ya ruhusa," alisema Berthe.

"Hiyo, na kumutembelea," alijibu Gracieuse. "Geuka, maman, unanichoma."

Berthe alihama. Masanamu yalibebwa, cherehani ikarudi Berchem-Sainte-Agathe. Alitembelea maofisi kadhaa. Moja lilikuwa na mlango mzuri na simu isiyopokelewa. Jingine halikuonyesha karatasi za kuandikishwa. La mwisho lilimjibu kila swali, likampa mkataba, akausoma na Gracieuse kabla ya kutia saini. Akaandika ruhusa. Akaenda guichet, anwani ikabadilishwa.

Haikupita miezi mingi, simu ikalia: barua ya saini imefika, tumeichukua. Ilitoka kwa mwenye jengo. Berthe alikuwa amemwachia ombi la chumba kingine, pamoja na anwani mpya. Chumba kimepatikana Galerie, nyuma kabisa, karibu na ngazi. Anataka jibu upesi. Berthe alijibu siku ile ile, akakipata. Hakina dirisha. Masanamu sasa yanatazama ukuta, na maharusi huuliza njia mara mbili kabla ya kufika. Lakini wanafika.

Lilibaki jambo moja. Tonton hakujua bado kwamba anwani imeondoka kwake. Jumapili Berthe alikaanga mandazi, akaenda Jette. Sahani ya wageni ilikuwa pale pale, tupu, kitambaa juu. Akamwambia mzee ukweli wote. Akaomba msamaha wa kumtwika kazi bila kumwelekeza, na wa kuondoka siku ile bila kunywa chai.

Tonton Rigobert alikunja kile kitambaa polepole, pembe kwa pembe.

"Barua ziende kwa wanaozijua," alisema. "Mimi sikuwa nangoja barua, mutoto wangu. Nilikuwa nangoja wewe uje kuzichukua."

Berthe alivua koti lake. Alifungua mandazi akayapanga juu ya sahani ile, kisha akaenda jikoni kuchemsha maji.