Duara la Shaka

Kila siku wakati wa mapumziko, Chiriku ndiye aliyefuta ubao, na mwenzake wa dawati moja, Kimya, akapanga vitabu na chaki. Majina hayo walipewa na darasa zima: mmoja hakujua kunyamaza, na wa pili ungedhani maneno anayanunua.

Siku hiyo wenzao waliporudi kutoka kucheza, kioo cha kukuzia hakikuwepo dirishani, mahali mwalimu wa hisabati na sayansi alipokiacha. Shule nzima ilikuwa nacho kimoja tu. Palibaki alama za vidole vyenye chaki ya bluu.

Chiriku alimtazama Kimya kwa jicho la pembeni. Vidole vyake vilikuwa na chaki ya bluu. Hakutoka kucheza. Na mbona ameukumbatia mkoba wake hivyo? Shaka ilimwingia Chiriku, ikakaa, ikaomba na kiti.

"Ni yeye," alimnong'oneza wa nyuma yake.

Haukupita muda, darasa zima likajua. Majirani wa Kimya walisogeza madaftari yao. Mmoja alificha hata kifutio. Kimya alianza kukusanya vitu vyake.

"Kesho siji shule," alisema.

Mwalimu, aliyekuwa ameingia, alimzuia. "Kaa kwanza. Chiriku, nasikia umempata mwizi."

"Dalili zote zipo, mwalimu. Alibaki darasani, na ana chaki ya bluu mikononi."

"Vizuri. Tupige hesabu." Mwalimu alichora ubaoni duara kubwa, na dogo ndani yake. "Ndani kabisa ni wale tuna hakika walichukua. Nje kabisa ni wale tuna hakika hawakuchukua. Hapa katikati ni wale tusioweza kuwasemea. Waliotoka kucheza?"

"Nje."

"Aliyebaki, mwenye chaki ya bluu?"

"Ndani!"

"Nionyeshe mikono yako."

Chiriku alitazama viganja vyake. Vilikuwa bluu mpaka kwenye kucha. Darasa liliangua kicheko, naye akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kwa haya machache tunayoyajua," mwalimu alisema, "wewe na Kimya hamtofautiani. Akiwa mwizi yeye, nawe ni mwizi."

"Basi tuko katikati sote," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akakumbuka. "Na kiranja! Alikuwa hapa anachora ramani kwa chaki ya bluu, tumbo likamuuma, akaenda kulala chumba cha wagonjwa. Hatujamuuliza."

Kiranja aliitwa, akaja amejishika tumbo, ufunguo mkononi.

"Kioo? Jua lilikipiga kikaanza kuunguza karatasi. Nimekifungia kabatini, hawa wawili wakiwa wamenipa mgongo." Alifungua kabati, na kioo kikaonekana.

Chiriku alimgeukia Kimya. "Nisamehe. Nimekushuku bure."

"Hata mimi nilikushuku wewe," Kimya alisema. "Ila sikumwambia mtu."

Chiriku aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka.

"Kushuku si kosa, kwa kuwa hatujui yote," mwalimu alisema. "Kosa ni kumtoa mtu katikati kabla hujapata habari ya kutosha. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wewe utajaribu. Maneno yako yamewafikia wengi. Waambie mmoja mmoja kwamba ulikosea. Anza na dawati la mbele."

Chiriku alijifuta machozi, akaenda dawati la mbele.