Anayetoka Chini

"Chai imechemka. Narudia, chai imechemka."

Kozi alipunguza sauti ya redio. Ndiyo ishara: mchukuzi wa magaidi ameshaondoka kijiji cha juu, mabomu manne begini.

Saa sita mchana treni ingevuka daraja la kijiji cha chini. Abiria mia tatu.

Kumvizia kwa askari hakukuwezekana. Mchukuzi alishika kitufe chenye waya uliokwenda begini. Angeona bunduki tu, angebonyeza, na liwalo na liwe.

Basi Kozi akachagua wazimu. Akapanda njia ya mlimani kutoka kijiji cha chini.

Njia ile haipandwi. Ni mteremko mtupu, saa nne za kuumiza magoti, na katikati lipo jabali ambalo watu hulishuka kwa kamba, kisha wa mwisho huivuta. Kurudi hakuna. Kozi alizaliwa kule juu, na alijua kinamama wa kule huwaonya nini watoto wao: ukiona mtu anatoka chini, huyo si mtu. Ni marehemu aliyeangukia humo. Geukia mwamba, fumba macho, bandika viganja vyote viwili mpaka apite.

Alipigilia misumari ya chuma jabalini kwa dakika hamsini. Kaka yake, jasusi kama yeye, alianguka hapo hapo mwaka jana. Ajali, ripoti ilisema. Kozi alikuwa anaogopa, na aliona haya kuogopa.

Juu ya jabali, ukungu.

Kisha kikohozi.

Alichomoa bastola yake, Glock 19, akaificha nyuma ya paja, akatembea taratibu, katikati ya njia.

Mchukuzi akatokea konani. Hatua kumi. Akamwona, uso ukamsawijika.

Waliomtuma, wageni wenye viatu vya bei mbaya, wangemcheka. Lakini naye alikuwa mtoto wa kule juu. Aliachia kitufe kikaning'inia. Akageukia mwamba. Akafumba macho. Akabandika viganja.

Kozi alikata waya kwanza, kwa kisu. Halafu mkanda wa kushoto wa begi. Wa kulia.

"Kaka, ni wewe?" mchukuzi alinong'ona. "Nimekuona sura. Nilijua utakuja tu."

Kozi aliganda. Yeye na kaka yake walifanana mno.

"Ile kamba sikuikata kwa chuki, wallahi. Walisema nisipoikata watamuua mama yangu. Nisamehe, kaka. Tangu siku ile silali."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Kozi hakuwahi kumchukia mtu kiasi kile.

"Ulipokuwa unaanguka ulimwita mdogo wako. Nikaziba masikio, lakini nilishasikia."

Kozi alijua hapaswi kuuliza. Akauliza.

"Nilimwambia nini?"

"Ulisema asije." Mchukuzi alilia kama mtoto. "'Mdogo wangu, usije.' Basi."

Kozi alirudisha bastola kiunoni. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alilibeba begi hatua thelathini kwenda juu, akalilaza nyuma ya jiwe, akashika redio.

"Makao, mzigo umekatwa waya. Leteni fundi wa mabomu. Mtu mnayemtaka yuko mwambani."

"Ana silaha?"

"Hana. Hatafumbua macho leo."

"Pokea. Helikopta inakusubiri chini, Kozi."

"Iondoke. Naenda juu."

"Juu kuna nini?"

"Mama. Nilimwambia ilikuwa ajali."

Akazima redio, akaendelea kupanda, mikono mifukoni.